Nyundo ya Mkwaju

Mjini, 9 Oktoba 1999

Dada Barek,

Kaa chini kwanza. Kama uko jikoni unaponda mahindi, weka jiwe chini lisije likakuponda kidole. Mdogo wako amekuwa Mwenyekiti wa Baraza la Mkoa.

Sikutanii. Hata mimi nilipoambiwa nilidhani ni mzaha. Vyama viwili vikubwa vimekuwa vikikabana koo tangu tuapishwe. Huyu akitaja mtu wake, yule anakohoa. Yule akitaja wake, huyu anatoka nje kuvuta sigara ya karafuu. Mwishowe kiongozi wa chama chetu, Bwana Marten, akasimama akasema, "Jamani, tutafute mtu asiye na adui humu ndani, twende tukale." Wakageuza shingo huku na huku. Asiye na adui ni yule ambaye hajafungua mdomo, na ambaye hajafungua mdomo tangu tufike ni mimi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka bondeni, suti ya kuazima, nimejibanza safu ya nyuma naogopa hata kuomba maji ya kunywa. Wakapiga makofi, mambo yakaisha.

Nimepewa gari, dereva, na nyumba ya vyumba ambavyo sijui nitavitia nini. Kiti changu kina mgongo mrefu kuliko vyote. Nilipokikalia nilimkumbuka Ama, baba yetu, alivyokuwa akiwaambia watu kuwa mwanawe huyu hata mbuzi hamtii. Sasa kwa miaka mitano nitakaa pale juu na watu wazima wataniomba ruhusa ya kusema.

Siku ya Marehemu ukiwasha mshumaa kwenye kaburi lake, mwambie habari hizi. Polepole, asishtuke.

Mdogo wako,
Boli


Lewowai, 4 Novemba 1999

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nimeandika hivyo nione kama mkono utakubali. Umekubali, lakini umecheka.

Barua yako imeletwa na lori la Frans, na huyo mbea alikuwa ameshaifungua njiani, maana aliingia kijijini anapiga honi na kupayuka, "Boli ameshika nchi! Boli ameshika nchi!" Watu wakaacha mashamba. Wamechinja nguruwe, tembo limemiminwa chini kwanza kwa wazee waliolala, lililobaki wakalimaliza waliosimama. Mwanangu Tuto alicheza ngoma mpaka akaanguka juu ya mpigaji.

Nilipowasomea kwamba ulichaguliwa kwa kunyamaza, mzee wetu wa kijiji, Ama Lepan, alicheka hadi tambuu ikamtoka mdomoni. Akasema, "Basi hao watu wa mjini wana akili. Mpayukaji nani anamwogopa? Anyamazaye ndiye mwenye neno." Wote tukaitikia. Mwezi huu tu alikuja kijana wa pwani kumposa binti ya jirani, akaweka tambuu katikati ya mkeka, na pembe ya ndovu ya mahari kando. Hakuna aliyeigusa ile tambuu. Akakaa, akakaa, kuku wakapanda kulala, akainuka akabeba pembe yake akaenda zake. Hakutukanwa, hakuambiwa hapana. Nilikukumbuka wewe ulivyokalishwa kwa kina Peni, masikini, ukarudi nyumbani na tambuu yako imenyauka mfukoni.

Ama Lepan ameniuliza mwenyekiti hushika nini. Nikamwambia nimeona kwenye televisheni ya Padri, ni kanyundo ka mbao. Akaniuliza, "Nyundo ya mbao za nani?" Nikasema sijui, za serikali. Akachukua panga akaenda kwenye mkwaju ulio juu ya chemchemi, akakata tawi. Anachonga mpaka sasa.

Mshumaa nimeuwasha. Ama nimemwambia. Nimemwambia na jingine, nawe nakwambia: vile vigingi vyekundu vya bwawa, walivyopigilia watu wa serikali ya zamani, bado vipo mtoni. Wakivirudia, bonde lote litakuwa maji, na makaburi yaliyo mbele ya milango yetu yatakuwa nyumba za samaki. Sikuombi barabara wala shule. Hilo moja tu.

Dada yako,
Barek


Mjini, 20 Januari 2000

Dada,

Nyundo imefika, imezikwa ndani ya gunia la mahindi ya kuponda. Mahindi nimeyatafuna ofisini kwa kahawa mpaka katibu akauliza, "Mheshimiwa, ni meno yako hayo yanayolia?" Nyundo nimeiweka mezani pangu ukumbini. Ile ya serikali nimeirudisha kabatini. Hii ina sauti nzito, ukiigonga hata waliosinzia safu ya nyuma wanaruka.

Sasa nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Wakubwa wa vyama wanakaa chumba cha ndani, wanakunywa kahawa, wanapatana. Kisha tunaingia ukumbini, mimi nasoma walichopatana, nauliza, "Wajumbe, tumekubaliana?" Wanaopenda wanaitikia. Wasiopenda wanatazama viatu vyao. Napiga nyundo mara tatu, imekwisha. Asiyesema amekubali, hiyo ndiyo desturi ya humu. Mara ya kwanza kulikuwa na mzee mmoja amenyamaza kabisa, mikono mapajani. Nikasita, maana kwetu huko ni kukataa kwa uzito wote. Bwana Marten akaninong'oneza, "Piga, Boli, unangoja treni?" Nikapiga. Baadaye tukacheka sana.

Na mwenyekiti mwenyewe hatoi hoja. Akitaka kusema lake, sharti ampe naibu nyundo, ashuke akasimame chini kama wengine.

Kuhusu vigingi, nimeuliza. Mradi upo, umelala kabatini na vumbi juu yake. Watu wa tambarare wanaulilia kwa ajili ya mashamba ya mpunga, lakini hakuna wa kuuamsha. Mwambie Ama Lepan hivi: maadamu nyundo yake iko mkononi mwangu, hakuna atakayezamisha Lewowai.

Boli


Lewowai, 11 Juni 2001

Boli,

Wameamka. Vigingi vimepakwa rangi mpya, na barua imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata: mwezi wa nane wakubwa wanakuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bwawa.

Tuto na wenzake wanakusanya mawe pale kwenye kona ya barabara, rundo limefika kiunoni. Nimemwambia, "We mtoto, utaua mtu." Akanijibu, "Mama, si ndiyo maana yake?" Nusu ya kijiji wako upande wake. Nusu nyingine wananitazama mimi, kana kwamba wewe umo ndani ya mfuko wangu wa gauni. Ama Lepan amesema, "Tusibishane bure. Tunaye mtu wetu juu. Mwandikie Boli, atakachosema ndicho."

Basi sema.

Barek


Mjini, 24 Juni 2001

Dada,

Mawe yarudisheni mtoni leo hii. Mwambie Tuto nimesema mimi. Hao wakubwa watakuja na askari, na jiwe moja likirushwa watu wataandikwa wahuni, na wahuni hakuna anayewauliza maoni. Watafukuzwa tu.

Wapokeeni kwa mila. Tandikeni mikeka, wapeni kuku, wapeni kiti kizuri. Wakiuliza, wajibuni vile wazee walivyojibu siku zote. Msigombane, msipige kelele, msiwape sababu. Mimi niko huku juu. Jibu lenu likifika hapa, mimi ndiye nitakayewasomea maana yake. Labda hiyo ndiyo sababu Mungu akamweka bubu kama mimi kwenye kiti hiki.

Niaminini katika hili.

Boli


Lewowai, 2 Agosti 2001

Mdogo wangu mpenzi,

Ungekuwepo ungelia kwa furaha.

Wamekuja jana, magari matatu na askari. Mkubwa wao ni kijana mnene mwenye miwani, jasho linamtoka kama mtu aliyekula pilipili, lakini ana adabu. Diwani wa kata alikuwa amemfundisha, kwa hiyo alikuja na tambuu, tena nzuri, majani mabichi na popoo zimekatwakatwa, chokaa kando. Akaiweka katikati ya mkeka. Kisha akaeleza habari za bwawa, umeme, mpunga, na nyumba mpya za bati kule pwani. Alieleza vizuri, lazima niseme haki yake.

Akauliza, "Ndugu wananchi, kuna anayepinga?"

Kimya. Boli, kijiji kizima kilikuwa kwenye ile mikeka, na hukusikia hata mtoto. Kuku tu ndiye aliyekuwa anaparura nyuma ya jiko. Akauliza tena. Kimya. Akauliza kama kuna mwenye swali. Tukakaa vivyo hivyo, mikono mapajani, tambuu iko pale katikati na hakuna aliyeitupia jicho, hata yule mlevi Ola ambaye hutafuna tambuu akiwa usingizini. Hata Tuto alikaa. Sijawahi kuwaona watu wetu wakiwa kitu kimoja namna ile, tangu nizaliwe.

Walipomaliza kula kuku, yule kijana akamshika Ama Lepan mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mzee. Watu wenu wastaarabu kweli." Magari yalipoondoka Ama Lepan akasema, "Kumbe serikali ya siku hizi inajua kupokea kukataliwa kwa heshima." Tukacheka mpaka jioni.

Tumefanya ulivyosema. Sasa ni zamu yako.

Dada yako,
Barek


Mjini, 9 Oktoba 2001

Dada,

Nimefurahi kwamba mkutano ulikwenda salama. Ripoti imefika mezani pangu, ndefu, na picha ndani yake. Katika moja umo wewe, umekaza uso kama siku ile mbuzi alipokula sketi yako ya kanisani.

Nakutumia kwa Frans sukari, kahawa na mabati ya paa la kanisa. Padri ameyaomba muda mrefu. Na Tuto je, hataki kuja mjini? Ninaweza kumtafutia kazi ya udereva hapa kwenye Baraza, atavaa sare.

Wiki iliyopita watu wa tambarare walijaa uani kwetu, kina mama, wamebeba sufuria tupu vichwani. Walikaa juani kutwa. Ni watu kama sisi, dada. Sikujua wako wengi hivyo.

Suala letu ninalishughulikia. Ni mambo ya kwenda nayo taratibu.

Boli


Lewowai, 18 Novemba 2001

Boli,

Sukari tumeipata. Mabati Padri ameyapokea, anakuombea. Tuto hataki sare.

Umeniandikia habari za picha, mbuzi, kahawa na sufuria za watu. Ripoti imesema nini, hukuandika. Nimesoma barua yako mara nyingi nikidhani labda imejificha mahali. Niandikie mstari mmoja.

Barek


Mjini, 3 Februari 2002

Dada,

Ripoti inasema hakuna aliyepinga.

Sasa usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Nilidhani nitairekebisha kimyakimya, ndiyo maana sikukuandikia. Nilimwita yule kijana wa miwani ofisini. Nikamweleza habari ya tambuu. Akanisikiliza, akafuta miwani yake, akasema, "Mheshimiwa, mimi niliuliza mara tatu, mbele ya askari na diwani. Wangesema hapana ningeandika hapana. Sasa niandike jani?" Ni kijana mwema, hadanganyi. Aliona alichokiona.

Lakini halijaharibika. Kikao cha kupitisha ni tarehe kumi na mbili Machi, na redio ya mkoa itakitangaza mwanzo hadi mwisho. Nimeamua. Nitampa naibu nyundo, nitashuka chini, nami nitasema mbele ya wote nini maana ya kunyamaza kwetu. Nimeandika hotuba, naisoma mbele ya kioo kila asubuhi. Mimi, Boli, nisiyeweza kuomba maji!

Kaeni karibu na redio. Mkisikia sauti ya nyundo imebadilika mikono, mjue ninashuka.

Mdogo wako,
Boli


Lewowai, 15 Machi 2002

Boli,

Nitakueleza tulivyosikia, maana labda huko juu hukujua inasikikaje huku chini.

Tulikuwa barazani kwa Padri, watu wote, hata wagonjwa walibebwa. Redio imewekwa juu ya meza na kitambaa cheupe chini yake. Ulipoanza kusema kina mama wakapiga vigelegele, nikawanyamazisha. Ukasoma mambo ya bajeti. Ukasoma mambo ya bandari. Kisha ukasema, "Bwawa la Lewowai." Tukashikana mikono.

Ukasoma: "Wananchi wa Lewowai walikutana, wakaulizwa, na hakuna aliyepinga." Hapo watu walicheka, Boli. Walicheka! Ola akasema, "Haya sasa, ngoja awageuzie. Mnamjua Boli, anaanzaga polepole." Tukasubiri ushuke. Ukakohoa. Nakijua kikohozi chako hicho, ni cha ulipovunja mtungi wa mama. Tukasubiri tena. Mahali fulani kiti kililia. Nikasema moyoni, anainuka.

Ukauliza, "Wajumbe, tumekubaliana?"

Na halafu nyundo, mara tatu.

Ama Lepan alikuwa amekaa karibu kabisa na redio kwa sababu ya masikio yake. Hakutazama mtu. Alisema tu, "Ni mkwaju wangu huo," akachukua fimbo yake akaenda nyumbani.

Sikuulizi kwa nini. Nilitaka tu ujue kwamba tulisikia.

Barek


Mjini, 2 Aprili 2002

Dada Barek,

Huniulizi, lakini nitasema.

Asubuhi ya kikao Bwana Marten aliingia ofisini akafunga mlango. Alikuwa na barua ya chama kutoka Jakarta. Jina langu limeondolewa kwenye Baraza, sahihi zote zipo, imebaki tarehe tu. Akaiweka mezani taratibu, wala hakunipandishia sauti. "Boli, rafiki yangu," akasema, "ukishuka pale leo, hupandi tena. Naibu atapiga nyundo hiyohiyo, bwawa litajengwa lilelile, na watu wako hawatakuwa na bonde wala mwenyekiti. Chagua."

Hotuba ilikuwa mfukoni. Niliinuka, dada, kile kiti ulichokisikia kilikuwa changu. Niliwaona kina mama wa tambarare wamejaa juu kwenye viti vya wageni, wananitazama kama mnavyotazama nyinyi. Naibu alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea nyundo, anatabasamu. Nikakaa.

Nilifikiri nikibaki nitawapatia nyumba nzuri, maji ya bomba, mashamba. Nitahakikisha. Bado ninaweza kuwafaa. Tafadhali niandikie hata kunitukana.

Boli


Lewowai, 20 Agosti 2003

Boli,

Nimepokea barua zako zote. Sikujibu kwa kuwa sikuwa na la kusema. Leo nalazimika.

Ukuta wa bwawa umekamilika. Nyumba za pwani ziko tayari, za bati, zimepangwa kama meno. Watu wameanza kuhamisha marehemu wao. Kila nyumba inafukua kaburi lililo mbele ya mlango wake, mifupa inaoshwa kwa maji ya nazi, inafungwa kitambaa, inapelekwa. Ama Lepan hatukuhitaji kumfukua. Alikufa mwezi wa nne, tukamzika hukohuko pwani, wa kwanza. Ardhi ni mawe, tulichimba siku nzima.

Kaburi la Ama limebaki. Unajua mwenyewe. Kaburi la baba hufunguliwa na mwana wa kiume, mkono wake ndio wa kwanza kugusa mfupa, na huyo ni wewe peke yako. Nimewaomba wajomba. Wamekataa, na wana haki. Mimi ningefukua kwa kucha zangu, lakini nikifanya hivyo Ama atakuwa amehamishwa kama mtu asiye na mwana, na sitaki kumwekea hilo juu ya mengine.

Wanasema lango litafungwa mvua zikianza. Sikuombi useme neno mbele ya mtu. Njoo na mikono yako tu.

Barek


Mjini, 30 Novemba 2003

Dada yangu,

Nakuja. Machozi yalinitoka niliposoma. Ila si wiki hii. Chama kinapanga majina ya wagombea wa uchaguzi ujao, na hapa mtu akitoka mjini siku mbili jina lake linateremka hadi mwisho wa karatasi. Nikikosa kurudi Barazani, nani atawasimamia habari ya maji ya bomba? Mnaniambia mpaka sasa hayajafika.

Nimempigia simu mhandisi mkuu mwenyewe. Ameniahidi hawatafunga lango kabla ya katikati ya Januari. Mara tu baada ya Krismasi nitapanda meli. Mwambie Ama anisubiri kidogo.

Boli


Lewowai, 27 Desemba 2003

Boli,

Mvua imewahi. Wamefunga.

Jana maji yalifika kwenye kizingiti cha jiko. Leo niliingia hadi magotini nikamwashia Ama mshumaa, nikaushika mkononi kwa kuwa hapakuwa na pa kuusimika. Tuto alinivuta nitoke. Msalaba bado unaonekana nusu.

Usipande meli.

Barek


Mjini, 12 Oktoba 2004

Dada Barek,

Muhula umekwisha. Jana wapya wameapishwa. Jina langu halikuwekwa hata mwisho wa karatasi. Bwana Marten aliniambia chama kinahitaji sura mpya, akanipigapiga begani. Mwenyekiti sasa ni yule naibu. Dereva amechukua funguo za gari, akanisalimia vizuri, akaniita Mwalimu. Ile nyundo niliuliza kama naweza kuichukua. Wakasema ni mali ya Baraza, imeshaandikishwa.

Niko chumba cha kupanga nyuma ya soko. Hakuna anayebisha hodi. Miaka yote hii nimekaa kwenye ukumbi uliojaa watu, na sasa nikitafuta mtu wa kula naye namkosa. Kila jioni nasikia maji ya redio, namaanisha kelele za redio ya jirani, nakumbuka mto wetu. Unaona, hata kalamu imechoka.

Nataka kurudi. Najua hakuna pa kurudi ila mlipo. Nitafundisha watoto, nitachota maji, nitalala jikoni. Najua pia kwamba haifai kuja hivihivi. Kwa hiyo nampa Frans tambuu. Nimeichagua mwenyewe sokoni asubuhi, majani mabichi, popoo nimezikata kwa kisu changu. Aiweke katikati ya mkeka mbele ya wazee na mbele yako. Kipande kimoja tu kikiliwa, na mtu yeyote, nitapanda meli inayofuata. Nangoja jibu kwa Frans.

Mdogo wako,
Boli


Pwani, 3 Novemba 2004

Boli,

Frans amefika. Nakuandikia ili usimlaumu yeye, maana amefanya yote uliyomtuma.

Jana ilikuwa Siku ya Marehemu. Tulipanda mpaka ukingo wa bwawa, wote tuliobaki, maana vijana wengi wamekwenda Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, Tuto akiwa wa kwanza. Askari wa bwawa hakuturuhusu kushuka kwenye maji. Tukasimika mishumaa kwenye waya wa uzio. Upepo ukaizima, tukarudi. Njiani tunafuata mfereji unaopeleka maji tambarare. Unapita karibu kabisa na nyumba zetu, nao una uzio. Maji ya kunywa tunaletewa na gari, likipenda.

Tulipofika nyumbani, Frans alikuwa ametandika mkeka. Akaweka tambuu yako katikati. Ni kweli uliichagua vizuri. Huku hatujaiona tambuu mbichi namna ile tangu tuhame, hakuna kinachoota. Watu wakaja, mmoja mmoja, wakakaa. Ola alikaa karibu nayo. Mimi nilikaa mahali ambapo mama angekaa.

Sitakuficha. Mkono wangu uliinuka. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mto ulipofurika, nikakufundisha herufi kwa mkaa ukutani kabla hujaenda shule, na nilipoziona zile popoo zimekatwa vibaya vilevile unavyokataga siku zote, mkono uliinuka wenyewe. Nikautazama. Kisha nikauweka pajani, pamoja na mwenzake.

Tulikaa mpaka kuku wakapanda kulala. Majani yalinyauka. Hakuna aliyesema neno baya juu yako, wala jina lako halikutajwa.

Frans ni mtu wa mjini siku hizi, amekaa sana na malori. Akageuka kwangu akauliza, "Sasa, mama, mimi nikamwambie nini?"

Nikamwambia, "Kamwambie hakuna aliyepinga."

Barek